Meja, Mwambie Mwenzetu

Gabriel alimwogopa baba mkwe wake kuliko alivyoogopa fisi, na wala sitanii. Fisi ukimrushia jiwe anaondoka. Mzee Wanzagi ungekutana naye njiani asubuhi, ametoka Nyamuswa sokoni na fimbo yake, na kwa adabu za huku ulitakiwa utoke njiani, uingie kwenye majani, utulie huko mpaka apite. Mkwe humshiki mkono. Humtazami usoni. Humpigii kelele. Jina lake hulitamki, hata ukiulizwa ofisini baba wa mkeo anaitwa nani, unamwomba mtu wa pembeni akusemee. Ndivyo wakwe wanavyoheshimiana kwetu, na Gabriel heshima hiyo aliizidisha, kwa sababu alikuwa na kosa.

Alimtorosha Prudence. Msimu wa pamba, siku ya mnada, badala ya kutuma wazee, alimpakia binti wa watu kwenye bodaboda mpaka barabara kuu, na jioni hiyo walikuwa Musoma, Nyasho, kwenye chumba cha kupanga. Mzee Wanzagi habari alizipata mnadani, mbele za wanunuzi wa ng'ombe, kutoka kwa mtu aliyedhani mzee anajua tayari. Hebu fikiria aibu hiyo. Baadaye mambo yalirekebishwa. Wazee walikaa, ng'ombe wa mahari wakapelekwa wote, hakuna aliyebaki anamdai mwenzake. Gabriel na mkewe wakarudi nyumbani, wakajenga nyumba ya bati chini ya mlima, nyumba ya kwanza ukishuka kutoka kwenye mawe.

Lakini mzee alikuwa ameshatamka. Alisema mbele za watu kwamba hatakula wala hatakunywa ndani ya nyumba ya mtu aliyemchukua binti yake kama kuku wa kuokota. Na mzee yule akishatamka, ametamka. Miaka minne alipita mbele ya mlango ule akienda machungani, na hakuwahi kugeuza shingo. Huku kwetu mzazi asipokula kwa mkwewe, watu wanaihesabu ndoa hiyo kuwa haijafungwa vizuri. Prudence mimba mbili zilimtoka, na majirani wakaanza kuyaunganisha mambo. Hawakumwambia usoni, ila alijua. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi saba, na ombi lake lilikuwa moja tu: baba yake aje, akae kwenye kigoda, anawe mikono, ale chakula chake kabla mtoto hajazaliwa. Basi. Hakutaka kingine.

Mwaka huo, mwezi wa sita, alitokea mwekezaji aliyetaka kujenga nyumba tatu za magogo juu kabisa ya mlima, zitazame mbuga, watalii wanywe kahawa wakihesabu nyumbu. Juu huko hapajawahi kukaa mtu, ni nyani na pimbi. Barabara hakuna. Msimamizi wake, Clementi, mtu wa Nyasho, mpole, mwenye simu mbili na kofia ya plastiki, alileta magogo kumi na nane ya mikaratusi kutoka Butiama kwa fuso, akayamwaga kwenye mabua ya mahindi chini ya mlima, akasema kilichobaki ni kuyapandisha. Alisema hivyo kama mtu anayesema kilichobaki ni kufunga mlango.

Walianza na trekta. Trekta ilifika kwenye mawe ya kwanza, ikapiga magoti, ikalala ubavu, dereva akaruka na kukimbia bila viatu. Wakajaribu kwa mabega ya watu. Vijana kumi na wawili walilibeba gogo moja kuanzia asubuhi mpaka saa nane, wakalifikisha korongoni, wakalitupa hapo, na kesho yake hawakuonekana hata mmoja. Ndipo watu wakamwambia Clementi aache mchezo, aende kwa Wanzagi.

Mzee alikuwa na maksai wawili, Meja na Katani. Katani alikuwa na nguvu tu, akili alimwachia mwenzake. Meja ndiye aliyekuwa na akili. Aliitwa Meja kwa sababu tangu ndama alitembea kifua mbele, kama mwanajeshi mstaafu anayekwenda kanisani. Ukimwita kwa sauti ya kawaida alikuwa anageuza sikio, anakusikiliza, hafanyi kitu. Ukimwita kwa nguvu, aliinamisha shingo na kuvuta mpaka aambiwe imetosha, hata kama nyuma yake umefunga nyumba. Mzee alimfundisha hivyo kwa ajili ya kulima udongo mweusi wa mbuga, ambako jembe likinasa hakuna muda wa maneno mengi. Jina likiitwa kwa nguvu, maana yake vuta. Katani alimfuata Meja, na kazi ikaenda.

Tatizo lilikuwa mtu wa nyuma. Gogo likipandishwa mlimani linataka mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa mbele anaendesha ng'ombe. Wa nyuma anashika kamba iliyofungwa mkiani mwa gogo, anaizungusha kwenye mti au jiwe kila hatua, anaweka jiwe la kuzuia, ili gogo lisirudi wala lisiteleze kwenda ubavuni. Mtu wa nyuma akilegea, gogo linamfuata yeye, au linamgonga wa mbele. Watoto wa kiume wa mzee walikuwa Geita machimboni. Majirani waliutazama mlima, wakamtazama mzee, kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Prudence hakugombana na mumewe. Alichukua kamba ndefu ya katani na panga, akaviweka mlangoni, na kila Gabriel alipotoka ilibidi aviruke. Siku ya tatu akavichukua. Alipofika chini ya mlima alisimama mbali, amekunja mikono, macho chini, na Clementi ndiye aliyemsemea kwamba huyu hapa anaomba kazi ya kamba. Mzee Wanzagi aliikagua ile kamba kwa macho mpaka Clementi akaanza kukohoa. Halafu akainuka, akaanza kufunga nira. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Jioni hiyo mzee alimwambia mkewe, Boke, huku akijua kabisa kwamba maneno yana miguu: "Gogo la mwisho likifika juu, nitaenda kula kwa huyo." Boke hakungoja hata ugali uive. Alivaa kandambili, akaenda mpaka kwa binti yake, akamwambia. Prudence alilia, akacheka, akalia tena, na usiku huo mumewe alimkuta anahesabu majogoo.

Sasa, kazi ya watu wawili wasioruhusiwa kusemeshana utaifanyaje? Siku ya kwanza waliifanya kwa kimya. Mzee alisimamisha ng'ombe bila kusema, Gabriel akadhani wanaendelea, akalegeza kamba, na gogo likarudi hatua tatu likamchuna muundi. Siku ya pili mzee alipata dawa. Walipofika kwenye mteremko aliinama kwenye sikio la ng'ombe na kusema kwa sauti ya kawaida, lakini ya kutosha kusikika mpaka nyuma: "Meja, mwambie mwenzetu akaze kamba."

Gabriel akaikaza. Akafikiri kidogo, akajibu kwa adabu, sauti ya chini, macho ardhini: "Meja, mwambie mzee kamba imekazwa."

Basi ikawa hivyo. Kila neno lilipitia kwa ng'ombe. Meja, mwambie mwenzetu jiwe la kushoto linacheza. Meja, mwambie mzee jua limekuwa kali, anywe maji. Mafundi wa Clementi walipolisikia hilo walicheka mpaka wakashika mbavu, na Stanislausi, fundi mkuu wao, akawa akitaka msumari anaiambia nyundo imwambie mwenzake. Wakwe wawili hawakujali. Kwao ilikuwa njia ya heshima kabisa, wala hawakuona kichekesho.

Na njia hiyo ilizidi kufunguka. Walikuwa wanapandisha gogo moja kwa siku, siku nyingine hata nusu, kwa sababu mlima ule hauna pa kushika. Ukitoka kwenye mabua unaingia kwenye mawe makubwa yaliyolala ovyo, unakwenda kwa kuzungukazunguka, halafu unakutana na korongo. Korongo lazima ulishuke kwanza, kamba ikilia kwenye mti, ndipo upande ng'ambo kwa kutegemea kwato za ng'ombe tu. Hapo ndipo walipokuwa wanapumzika. Mzee alikaa upande huu wa ng'ombe, Gabriel upande ule, na Meja katikati. Siku moja mzee alimwuliza Meja kama mwanamke wa mwenzetu anakula vizuri. Gabriel alimwambia Meja anakula, ila miguu inamvimba. Mzee akamwambia Meja kwamba mwanamke huyo alipokuwa mdogo alikuwaga hasikii, ukimkataza ndoo ya maji ndiyo anaibeba, kwa hiyo asikatazwe, ndoo ifichwe tu. Gabriel alicheka huku ameficha uso kwenye mbavu za ng'ombe. Ndoo akaenda akaificha.

Nisiseme uongo, zile ndizo zilikuwa wiki nzuri kuliko zote katika maisha ya Gabriel. Alikuwa anashuka jioni viganja vimechubuka, mgongo hausimami, na moyo umejaa. Baba yake mwenyewe alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Hakuwahi kuwa na mwanamume wa kumwuliza mambo, na sasa alikuwa naye, kwa mkono wa ng'ombe.

Gogo la kumi na saba lilifika juu siku ya Alhamisi. Ijumaa walipumzisha ng'ombe. Jumamosi asubuhi lilibaki moja, refu kuliko mengine, gome lake halijatolewa lote. Prudence aliamka kabla ya jogoo aliyekusudia kumchinja. Alisonga ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, kama baba yake anavyopenda, akamchemsha jogoo kwa chumvi na nyanya, akaazima kigoda kizuri kwa jirani, akakisugua kwa mchanga. Boke aliambiwa aje saa kumi. Gabriel alipotoka, mkewe alimkumbusha jambo moja tu, waje moja kwa moja, mzee asipite kwake kuoga, kwa sababu akipita kwake atabadili mawazo.

Kulishuka korongo walilishuka vizuri. Kulipanda, katikati, kichwa cha gogo kikaingia chini ya mwamba na kunasa. Mzee aliwasimamisha ng'ombe. Gabriel aliweka jiwe la kuzuia chini ya mkia, akazungusha kamba kwenye kisiki. Mzee akachukua mtaimbo, akapita upande wa chini wa gogo, akaanza kukichokonoa kichwa. Upande wa chini hapasimamwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Meja amwambie mwenzetu hivyo, zaidi ya mara kumi. Lakini kichwa kilikuwa kimenasa kwa upande huo, na lilikuwa gogo la mwisho, na mtu mzima ana haraka zake. Labda na yeye alikuwa anausikia ule ugali.

Gabriel aliliona jiwe. Lile la kuzuia, alilolichagua kwa mikono yake, lilikuwa linatoka taratibu chini ya mkia, linasukumwa kwenye changarawe. Kamba peke yake haingeshika. Mzee ameinama, mgongo umeelekea kwake, mtaimbo unalia kwenye mwamba. Kulikuwa na muda wa neno moja. Mtu mwingine yeyote angelipiga ukelele wa jina, Wanzagi, toka! Jina lilikuja mpaka mdomoni. Lilifika kwenye meno na hapo likakuta mlango umefungwa, mlango uliofungwa tangu siku aliyofundishwa mkwe ni nani. Wiki tatu nzima, kila alipotaka kumwambia mzee jambo, alikuwa na njia moja tu, na mdomo ukaichukua njia hiyo wenyewe. Ila mara zote alisema kwa sauti ya chini. Siku hiyo alipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Meja! Meja! Mwambie mzee..."

Ng'ombe hakungoja mwisho wa maneno. Aliitwa kwa nguvu, akafanya alichofundishwa. Aliinamisha shingo, Katani akafuata, mnyororo ukalia, kichwa cha gogo kikachomoka chini ya mwamba na gogo zima likajizungusha kuelekea chini. Mzee Wanzagi aligeuka nusu. Likamkuta nyongani na kumbana kwenye jiwe la nyuma yake.

Gabriel alimkimbilia. Alilisukuma gogo kwa mikono, kwa bega, kwa kichwa, akilia, na gogo halikutikisika hata kidogo. Aliwaita mafundi mpaka sauti ikakatika. Walikuwa upande wa pili wa kilele, upepo unatoka kwao. Hakuna aliyejibu.

Ndipo mzee alipomsemesha. Uso ulikuwa wa majivu, jasho linamtiririka, lakini sauti ilikuwa ile ile, na safari hii haikupitia kwa mtu wala kwa ng'ombe. Alimwambia aache kulia. Amfungue Meja mnyororo kichwani mwa gogo, aufunge katikati, ng'ombe awageuze watazame juu, na jiwe kubwa liwe tayari mkononi. Gabriel alifanya yote hayo, mnyororo ukimponyoka mara mbili. Alipomaliza alisimama, akamtazama mzee, kwa maana ilibaki kumwamrisha ng'ombe, na yeye jina lile hakuweza kuliita tena. Mzee alielewa. Alivuta pumzi, akamwita Meja mwenyewe, kwa nguvu, sauti ya kila siku. Meja akavuta, gogo likainuka kidogo, Gabriel akasukumia jiwe chini yake, akamchomoa.

Kumgusa baba mkwe ni mwiko. Kumbeba ndiyo usiseme. Gabriel alimkalisha juu ya jiwe, akachuchumaa, akamweka mgongoni kama mama anavyomweka mtoto, mikono ya mzee shingoni kwake, akaanza kushuka. Aliwaacha ng'ombe wamesimama na nira. Njia ile kwa mtu mzima asiye na mzigo ni nusu saa. Yeye alitumia zaidi ya saa moja, akikanyaga kwa kupapasa, na kila alipokanyaga vibaya alisikia mzee anakata pumzi sikioni mwake. Hakuwahi kuwa karibu hivyo na mtu huyo. Alisikia harufu ya ugoro wake, akasikia moyo wake unapiga kwenye mgongo.

Walipoanza kuona bati la nyumba, mzee alisema, taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomwua Gabriel: "Ungeniita tu jina langu."

"Ningelitamkaje, baba?"

"Kwa mdomo." Akapumzika. Akasema tena: "Siku nyingine uniite jina."

Prudence alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alipowaona kwa mbali alidhani wanataniana, hata akaanza kutabasamu, halafu akaiona miguu ya baba yake inavyoning'inia. Walimlaza kwenye mkeka, ndani, katikati ya ile nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga. Mzee aliyazungusha macho. Akakiona kigoda kilichosuguliwa, beseni la kunawia, taulo jipya, sahani zilizofunikwa. Harufu ya kuku ilijaa nyumba nzima. Gabriel alikuwa nje anampigia simu Clementi alete pikapu, anarudia maneno yale yale kama kichaa.

Prudence alichota maji kwenye kikombe, akampelekea baba yake mdomoni. Mzee alifunga mdomo, akageuza uso kidogo.

"Gogo halijafika," akasema.

Alimwomba. Alipiga magoti na tumbo lake lile, akamwambia, baba, maji tu, onja tu, nani atakayejua. Mzee aliinua mkono, akauweka juu ya tumbo la binti yake, akauacha hapo. Lakini mdomo hakuufungua. Wapo wanaosema ule ulikuwa ukaidi wa kawaida, na mimi sibishani nao, nilishasema alikuwa mgumu. Ila Prudence alikuwa amemshika mkono, na yeye anasema haukuwa mkono wa mtu aliyekasirika. Alikuwa ametoa neno lake juu ya gogo la mwisho, na neno lake hakujua kulipunguza.

Pikapu ilifika. Walimpakia, kichwa kwenye mapaja ya Prudence, Gabriel amesimama nyuma ameshika bomba. Hawakufika hospitali, Bunda. Alikata roho njiani, mchana wa jua kali, gari likiwa linakwenda, na Prudence aliendelea tu kumkinga uso na jua kwa kiganja.

Msibani watu walimlaumu ng'ombe. Mugeta, mdogo wake marehemu, alisimama akasema ng'ombe aliyeua mwenye mali hakai bomani, achinjwe aliwe na waombolezaji. Watu wakaitikia. Gabriel alikuwa mbali, kwenye ua, mahali ambapo mkwe anatakiwa kukaa. Akainuka. Akasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe hana kosa, ng'ombe aliitwa, na aliyemwita ni yeye. Akaeleza yote, jiwe, kelele, jina lililomkwama. Alisema kwa sababu hakuweza kuendelea kulibeba, na alitegemea kupigwa. Alitaka kupigwa, kusema kweli.

Hakuna aliyemnyooshea kidole. Wazee walinong'onezana, halafu Mugeta akamjibu kwa upole kwamba hakukosea kitu. Alifanya kama mkwe anavyotakiwa kufanya. Angelitaja jina la mzee pale mlimani, hilo ndilo lingekuwa kosa. Wakamsifu. Wakasema vijana wa siku hizi hawana adabu hiyo, wamtazame Gabriel. Boke peke yake hakusifu. Alimtazama mkwewe kutoka mbali, macho mekundu, akajifunika kanga usoni.

Meja alichinjwa jioni hiyo. Alikwenda mwenyewe, kifua mbele, kwa sababu aliongozwa kwa upole. Gabriel aliletewa sehemu yake ya nyama kwenye sahani, kama mkwe mwenye heshima, na alikaa nayo mapajani mpaka ikaganda mafuta.

Gogo la kumi na nane halikupanda tena. Clementi alitafuta ng'ombe wengine, watu wakakataa, mwekezaji akasema basi nyumba ya tatu ifupishwe. Liko pale korongoni mpaka leo, gome limebanduka, mchwa wamelianza upande wa chini. Watalii wanaletwa kwa njia mpya iliyochongwa upande wa pili, hawalioni.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kiume, mzima. Boke ndiye aliyempa jina, na hakuna aliyetegemea jingine. Aliitwa Wanzagi. Sasa hapo kuna utaratibu wake. Mtoto akibeba jina la mkweo, wewe jina hilo hulitumii. Unamwita Babu, unamwita Mzee, unatafuta jina la utani, mradi ulimi wako usiguse jina la mkwe. Prudence anamwita Baba. Majirani wanamwita Mzee. Mtaa mzima unajua namna ya kumwita.

Gabriel anamwita Wanzagi. Anamwita akiwa karibu, anamwita akiwa mbali, anamwita hata mtoto akiwa amekaa miguuni kwake na hakuna hatari yoyote. Anamwita kwa nguvu, mpaka wanaopita barabarani wanageuka. Mwanzoni watu walidhani huzuni imemvuruga akili, wakamvumilia. Ilipopita mwaka wakaanza kumsema. Mugeta alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kile kigoda, akamwambia hayo anayoyafanya ni matusi, jina la mkwe haliburuzwi barabarani kama gogo. Gabriel alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamshukuru kwa kuja. Hakubadili kitu.

Juzi nilipita pale mchana. Mtoto ana miaka miwili na zaidi, ana kichwa kigumu, alikuwa mbali kwenye mawe anarusha kokoto kwa nyani. Prudence alikuwa ameshatenga, ugali wa mtama, beseni la maji liko pembeni. Gabriel alitoka mlangoni, akasimama akautazama mlima. Nilimwona anavyomeza mate kwanza, mpaka leo, kila mara.

"Wanzagi!" akaita. "Wanzagi, njoo ule!"

Mtoto aligeuka, akatupa kokoto zake, akashuka mbio. Akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda. Akanawishwa mikono, akala.